Pete Moja, Tokeni Zangu

Mimi sina ubaya na ile pete ya filamu za The Lord of the Rings. Nataka hilo lieleweke mapema kabla vijana wa ploti hii hawajaanza kunitazama kwa jicho la pembeni pale kwenye mfereji. Pete ni nzuri, filamu ni nzuri, milima ya New Zealand inapendeza ajabu, na yule mzee wa ndevu na fimbo ningempigia kura hata kesho awe MCA wa wadi yetu. Shida yangu ni watazamaji. Kuna watu wanapenda kitu mpaka wewe unayekipenda kiasi unaonekana una kasoro.

Chukua huyu shemeji yangu, mdogo wake Mama Watoto. Alikuja Nairobi kutafuta kazi, akafikia kwangu hapa Umoja, na kazi aliyopata mpaka sasa ni ya kueneza habari za The Lord of the Rings. Mshahara haina, lakini anaifanya kwa bidii na haombi hata likizo. Mgeni akiingia kwangu, hata wale akina mama wa chama waliokuja kupanga mambo ya sufuria, kabla ya chai anaulizwa kama ameiona. Akisema ameiona, anaulizwa aliona ile fupi au ile ndefu.

Ole wako useme fupi.

Hiyo fupi yenyewe, ile ya kwanza ya mwaka 2001, ni dakika 178. Kwa hawa watu hiyo ni kionjo tu. Kuna ile ndefu, wamerudisha vipande vyote vilivyokatwa, ukipanga filamu zote tatu unapita saa 11. Saa kumi na moja, jamani! Basi linatoka hapa mjini alfajiri, linafika Mombasa, abiria wanaoga, wanakula viazi karai, wengine wameshapigwa na upepo wa baharini, na kwangu sebuleni ile pete ya kutupwa kwenye mlima wa moto bado haijatupwa.

Sasa niulize nani ananunua tokeni za stima.

Siku walipoweka ile ya pili, ndefu, sebule ilijaa mpaka mtoto wangu wa mwisho akalala juu ya meza. Tukafika pale usiku, mvua inanyesha, jeshi la majitu limezingira ngome, watu wameshika roho mkononi. Mita ikaanza kulia. Ti, ti, ti, ti. Taa nyekundu. Vichwa vyote vikageuka, si kwa mita, kwangu. Hakuna aliyeingiza mkono mfukoni. Nikatuma pesa, ujumbe ukaja, nikapanda kiti kwa sababu mita yetu fundi aliiweka juu ya mlango, sijui alidhani tutakuwa warefu. Nikampa shemeji simu anisomee. Tokeni ni nambari 20, ndugu yangu, na shemeji anasoma huku macho yako kwenye tivi. "Tatu, saba, saba, nne... oneni, oneni wanaleta baruti! Mbili... ukuta huo! Ukuta umeenda! Tisa..." Mita ikakataa. Mimi niko juu ya kiti, jasho linanitoka, na chini watu wananizomea nikae chini nawazibia.

Halafu wana hii tabia ya kukuambia kitu kabla hujakiona. Katika filamu hiyohiyo kuna mahali Aragorn, yule anayekuja kuwa mfalme, anapiga teke kofia ya chuma, anapiga ukelele, anaanguka magoti. Ikikaribia hapo, shemeji anasimama, anakaa katikati ya tivi na binadamu wote, anainua mkono. "Hapo si kuigiza! Hapo Viggo Mortensen alivunjika vidole viwili vya mguu kweli! Huo ni uchungu halisi!" Watu wanatikisa vichwa kwa heshima. Mimi stima ikipotea usiku nagonga jiko kwa kidole kilekile, napiga ukelele uleule, na sauti inayotoka chumbani ni, "Utaamsha mtoto."

Lakini kinachonikera zaidi ni kutembea. Ukitoa panga na moto, hadithi yote ni watu wanatembea. Wanatoka kwao, wanatembea. Wanapanda mlima, theluji inawashinda, wanashuka, wanapitia chini ya mlima, wakitoka huko wanatembea. Dunia nzima ikalia machozi. Filamu ya tatu ikateuliwa kwa tuzo 11 za Oscar na ikazibeba zote 11. Sawa. Nenda basi alfajiri usimame njia inayotoka Kibera au Mukuru uone watu wanavyomiminika kwenda Industrial Area kwa miguu, kwenda na kurudi, Jumatatu mpaka Jumamosi. Mimi mwenyewe siku matatu zilipogoma nilitoka mjini, nikashika Jogoo Road, begi mgongoni, soli imeachana na kiatu inapiga makofi njia nzima. Hakuna kinanda kilichopigwa. Nilipofika mlangoni niliulizwa kama nimeleta maziwa.

Ndiyo maana niliuliza lile swali. Sikujua ni dhambi. Mwisho kabisa wa safari, mlima umelipuka, vijana wawili wamezingirwa na moto, wanakuja tai wakubwa wanawabeba. Nikauliza tu, kwa roho safi: kwa nini hawa tai hawakuwabeba kutoka nyumbani?

Aisee. Ukitaka kuvunja ploti, uliza habari ya tai. Shemeji akasimamisha filamu. Mmoja akasema adui angewaona angani, ana jicho kubwa na askari wanaopanda madude yenye mabawa. Mwingine akasema tai ni viumbe wenye heshima yao, si wa kutumwa. Mwalimu wa nyumba nambari tisa akaleta hoja za kwenye kitabu, mpaka na wale wa nambari kumi na mbili, ambao hata hawakuwa wakitazama, wakatoka kuja kuchangia. Nikawaambia hapa Nairobi hata boda akisema hafiki huko kwenu, unaongeza hamsini, mnaenda. Hawakucheka. Tuliendelea na filamu saa sita usiku na kuna watu wawili hawasalimiani mpaka leo.

Huyo mwalimu nitamsema peke yake. Mwalimu ni mtu mzuri, hata mtoto wangu amemsaidia kwa hesabu, lakini ni mtu aliyesoma kitabu. Mungu akuepushe kukaa karibu na mtu aliyesoma kitabu. Haangalii filamu, anasahihisha. Filamu ikisema kitu, yeye anaguna. Ikiruka kitu, anavuta pumzi kwa pua. Kuna mtu mmoja anaitwa Tom Bombadil, yumo kwenye kitabu, kwenye filamu hayumo kabisa. Mimi nisingejua kama kuna pengo. Lakini mwalimu kila mara tukifika pale alipotakiwa kutokea anaondoa miwani, anaifuta, anasema polepole, "Hapa kuna mtu." Sisi tunatazama, hakuna mtu.

Ni yeye pia aliyetuambia kwamba mwandishi, J.R.R. Tolkien, alitaka kitabu kitoke kimoja, lakini baada ya vita karatasi ilikuwa ghali Uingereza, wachapishaji wakakikata vipande vitatu, kikatoka 1954 na 1955. Hapo nilimwelewa kabisa. Gharama! Mtu hakusema ni sanaa, alisema ni bei. Laiti mwandishi angekuwa analipia na stima.

Shemeji naye hakukubali kupitwa, akatupa lake: kwamba Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Kwa hivyo, alisema, ni mtu wa huku, hii ni kazi yetu. Mwalimu akamjibu kwamba aliondolewa huko akiwa na miaka mitatu. Wakabishana kama miaka mitatu inatosha. Keateka, mlinzi wa ploti, alikuwa amesimama mlangoni na rungu lake, amekuja kudai pesa ya takataka, akasikiliza pande zote mbili vizuri, kisha akauliza swali ambalo wote wawili hawakuwa na jibu lake: "Kitambulisho alichukulia wapi?"

Na lugha! Tolkien alikuwa mtaalamu wa lugha, akaketi akabuni lugha za watu ambao hawapo, zenye sarufi kamili. Moja inaitwa Quenya, alipenda Kifini akakifuatisha, nyingine Sindarin, hiyo imeegemea Kiwelshi. Shemeji anajifunza hiyo ya pili. Ana daftari. Asubuhi anaamkua watoto wangu kwa lugha hiyo na watoto, kwa kuwa hawana adabu, wanamjibu kwa hiyohiyo. Sasa nyanya yake akipiga simu kutoka Kitui, kijana anatazama ile simu, anameza mate, ananipa mimi. Mimi Mluhya wa Kakamega ndiye naongea Kikamba na bibi wa watu, nabahatisha bahatisha, namwambia mjukuu ni mzima, ametoka kidogo. Na mjukuu amekaa hapo mbele yangu ananyoosha matamshi ya majini wa msituni.

Mtu mmoja tu ndiye tuliyeelewana katika mambo haya yote, na ni mama mboga wa hapo getini. Aliingia siku moja kudai deni la sukuma wiki, akakaa ukingoni mwa kiti dakika mbili, akabaki mpaka mwisho. Mama mboga hakuuliza mambo ya wafalme. Alitazama yule kijana mnene, Sam, anayembebea mwenzake mzigo, akauliza, "Huyu ndiye stelingi?" Wataalamu wakacheka. Wakamweleza kwamba stelingi, shujaa mwenyewe, ni Frodo mwenye pete, au Aragorn atakayetawazwa. Mama mboga akawatazama tu.

Halafu ikaja ile sehemu Sam anapika sungura porini na kuzungumzia viazi, jinsi unavyoweza kuvichemsha, kuviponda, kuvitia kwenye mchuzi. Mama mboga akakaa wima. "Huyo ni mtu," akasema. "Wengine wote wanapiga kelele za ufalme, huyo ndiye anajua watu watakula nini." Filamu ya tatu Sam alipombeba mwenziwe mgongoni kuupanda mlima, akapiga goti lake kofi, akamgeukia mwalimu: "Mwalimu, stelingi ni nani?" Mwalimu, na vitabu vyake vyote, akasema hata kwenye kitabu watu wengine wameona hivyo. Nilitamani kumlipa deni lake papo hapo. Nilitamani tu.

Mimi bwana nililelewa na filamu za DJ Afro. Mtu anakutafsiria kwa Kiswahili na Sheng kidogo, adui unaonyeshwa mapema, stelingi anapigwa kidogo, anaamka, anawamaliza, mnaenda kulala. Hii yao kumaliza ni kazi nyingine. Mlima umelipuka, pete imeyeyuka, nimeinuka nikusanye viti vya majirani, skrini ikaingia giza, ikawaka tena: watu wanacheka kitandani. Nikakaa. Giza. Ikawaka: mfalme anatawazwa. Giza. Wako kwenye kilabu wanakunywa. Nimeshika kiti cha watu mkononi sijui nikiweke au niende nacho. Giza. Mtu ameoa. Giza. Wanasindikizana melini.

Na hata hapo haikuisha. Kwenye ile ndefu, majina yakishapita ya waigizaji, mafundi na wapishi, yanaanza majina ya mashabiki. Naapa. Wanachama wa klabu ya mashabiki waliandikwa majina yao, na yanapanda dakika nyingi, mmoja baada ya mwingine, watu ambao kazi yao ilikuwa kupenda. Nikanyosha mkono nizime. Shemeji akanishika kifundo cha mkono, macho yamejaa maji. "Shemeji, hao ni watu wetu." Tukakaa kimya, sebule nzima, tukisoma majina ya Wazungu tusiowajua, mita yangu inahesabu.

Sasa kuna The Hobbit. Hicho ni kitabu kingine cha mzee huyohuyo, cha 1937, kidogo, mwalimu anakitia kwenye mfuko wa koti. Wakakitengenezea filamu tatu, 2012, 2013 na 2014. Kitabu kinachoingia mfukoni, filamu tatu! Mwalimu amechukia, amesema ni wizi wa mchana, na atakuja kutazama zote ili awe na uhakika wa hasira yake. Wamepanga wikendi ile ndefu inayokuja. Mama Watoto ameshakubali kupika chapati, hakuna aliyeniuliza. Wamefungua grupu ya WhatsApp, wakanifanya mweka hazina kwa sababu mita iko kwa jina langu.

Watu kumi na saba grupuni, kila mmoja anatuma picha za joka. Mchango umeingia mmoja tu: mama mboga ametuma shilingi 50, na ujumbe chini yake anauliza kama yule kijana wa viazi yumo.

Hayumo. Nitamwambia nikishanunua tokeni.