Gabbar Kafa au Hakufa?

Nimekoma. Mtu akiniuliza tena barazani, "Ee bwana, juzi umeona picha gani?" nitamwambia mimi kipofu. Nitamwambia macho niliyasahau Mokowe, yatakuja na boti ya jioni.

Kwanza mnijue. Kazi yangu ni punda. Hapa Amu, yaani mji wa Lamu, gari halina pa kupita, vichochoro vyenyewe wanene wawili wakikutana lazima mmoja arudi kinyumenyume. Kwa hiyo saruji, mchanga, mawe, hata friji ya bibi harusi, vyote hupanda mgongo wa punda wangu. Kutwa nashinda nikipaza sauti, "Simile! Simile!" Jioni nikishamvua shogi na kumpa maji, starehe yangu ni moja tu: napita kwa kijana wa flashi kule Langoni, nampa shilingi 50, ananitilia picha, narudi nyumbani. Sivuti, sitafuni miraa. Na hiyo starehe moja ndiyo wameniharibia.

Waharibifu ni wenzangu wa barazani. Zamani baraza hili lilikuwa la mambo ya maana: nani kaoa, nani kaachika, nguru leo bei gani. Sasa kila mmoja mjuzi wa sinema, na kila mjuzi aiangalia picha kwa jicho la kazi yake.

Chukua fundi wetu wa milango. Yeye haangalii watu. Stelingi akipiga mlango teke ukaanguka, basi, hadithi imekwisha hapo. "Mlango gani huo wa teke moja? Hiyo mbao ya sanduku la sabuni! Mwambieni aje Mkomani aupige teke mlango wangu wa mbambakofi, tumpeleke hospitali kwa machela." Ataeleza kizingiti, ataeleza komeo, muuza kahawa atazunguka na dele lake mara mbili, na aliyekuwa akisimulia keshasahau stelingi alimfuata nani mle ndani.

Lakini fundi ni homa tu. Donda ni Nahodha.

Nahodha ameiacha bahari, bahari haijamwacha. Ana ugomvi na Mmarekani mmoja, Tom Hanks, ambaye maskini hajui kama huku Amu kuna mzee hamtaki. Kesi ilianza na Captain Phillips, picha ya 2013, ile ya meli ya Maersk Alabama iliyovamiwa na maharamia wa Kisomali mwezi wa Aprili 2009. Meli yenyewe ilikuwa safarini kuja Mombasa, kwa hiyo Nahodha akaihesabu kuwa picha ya nyumbani. Nikamkaribisha kwangu, nikamtandikia mkeka, mama watoto akaleta chai ya tangawizi na mahamri.

Meli haijafika mbali, mzee ananiambia, "Simamisha."

Nikasimamisha. Akainuka, akasogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Haya si maji yetu."

"Mzee wangu, maji ni maji."

"Wewe mtu wa punda, nyamaza. Mwezi wa nne kusi limeshaanza kubisha hodi. Upande huu bahari haina rangi hiyo wala haivimbi hivyo. Hiyo bahari ya kopo."

Nilicheka. Kumbe nimejichimbia kaburi. Kijana wa flashi alikuwapo, akachomoa simu, akapekua, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba: walipigia sehemu kubwa ya mambo ya baharini kule Malta. Bahari ya Mediterania! Nahodha hakusema neno. Alichukua hamri la tatu, akalila polepole, akaaga. Kesho yake alipita njia kuu ya Amu kifua mbele kama mtu aliyeteuliwa waziri usiku. Na tangu hapo hakuna picha tuliyoimaliza naye, maana kila tone la maji lazima kwanza apewe alinuse.

Mimi katika picha ile nilivutiwa na jambo jingine kabisa, ila hakuna aliyenipa nafasi ya kulisema, nalisema hapa. Yule kijana mwembamba aliyecheza mkuu wa maharamia, Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, kabla ya hapo hakuwa ameigiza picha yoyote. Alikuwa akiendesha limuzini huko Marekani. Picha yake ya kwanza tu, akateuliwa kuwania Oscar! Dereva! Mtu wa uchukuzi kama mimi. Usiku ule nilimtazama punda wangu kwa jicho jipya.

Turudi kwa Nahodha. Akaanza kumchunguza Tom Hanks kama mtu anayechunguza ukoo wa mposaji. Akakuta kuna Cast Away ya 2000: Hanks kapanda ndege, ndege imeanguka baharini, kakaa kisiwani miaka minne akizungumza na mpira. Kuna Apollo 13: kaenda kuutafuta mwezi, hakuukanyaga, karudi kuangukia baharini. Kuna Sully: safari hii rubani ni yeye mwenyewe, ndege kaitua mtoni. "Huyu mtu ana mkosi na maji," Nahodha akahukumu. "Mimi simpandishi chomboni. Hata kuvuka kwenda Manda tu, simpandishi."

Kilichomuua Nahodha ni lile tanga. Katika Cast Away, Hanks anaondoka kisiwani kwa chelezo, na tanga lake ni ubavu wa choo, vile vyoo vya plastiki vya kuhamishika, ulioletwa ufukoni na mawimbi. Nahodha alishika kichwa kwa mikono miwili. "Katweka choo! Miaka minne, minazi imejaa tele, mtu analala pangoni, hajui hata kusuka kuti la kujiezekea, halafu anatweka choo na watu wanampigia makofi!" Kijana wa flashi akaongeza kwamba upigaji ulisimamishwa karibu mwaka mzima ili Hanks apungue mwili. Hapo baraza zima tuliguna. Sisi hapa twapungua kila mwezi wa kusi, samaki hawapatikani, na hakuna aliyewahi kutulipa.

Nyumbani nako si salama. Mwanangu wa kiume hataki picha isiyo na DJ Afro, yule msimulizi wa kutia maneno yake ya Kiswahili, juu yake. Wachina wa kareti wote wanazungumza kama makanga wa Nairobi. Niliangalia moja naye, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikaja kuiangalia peke yangu bila DJ Afro: kumbe picha ya msiba tangu mwanzo hadi mwisho.

Mama watoto naye anadai mimi ndiye mbovu kuliko wote. Ati sababu ni picha moja ya kauboi. Jamani, hukumuni wenyewe. Mtu kampanda farasi alfajiri, kamkimbiza jangwani kutwa, kafika usiku, kamfunga mlangoni kaingia kulewa. Maji hakumpa! Majani hakumpa! Nikasema, "Huyo farasi mbona keshakufa zamani." Baadaye kidogo nikasema, "Tena na hatamu amefungwa vibaya, itamchubua." Mama watoto akaweka kikombe chini. "Baba watoto, tunaangalia watu au tunaangalia farasi?" Sikumjibu. Ndiye huyohuyo aliyenizimia Shrek, ile picha ya katuni, kwa sababu nilisema yule punda asemaye mchana na usiku ni uongo mtupu. Punda wangu siku akifungua mdomo atataja madeni tu.

Sasa fikeni kwenye balaa lenyewe.

Punda wangu ni jike, na jina lake Dhanno. Mwenye umri ashajua nimelitoa wapi: Sholay, picha ya Kihindi ya 1975. Mle kuna Basanti, yaani Hema Malini, anaendesha gari la kukodi la farasi, na farasi wake jike ndiye Dhanno. Domo halimkauki, abiria anachoka yeye hachoki. Mimi tangu udogo namhesabu Basanti kuwa mkubwa wangu kazini.

Wazee wawili wa barazani wameacha kusemezana kwa ajili ya picha hiyo. Mzee Bandari, aliyefanya kazi Kilindini, aliiona sinema Mombasa enzi zile za foleni na fulana za Amitabh. Mzee Maskati aliiona kwa kaseti alipokuwa Uarabuni. Habari mnaijua: Thakur, askari mstaafu, kakatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh, akawakodi wezi wawili, Amitabh na Dharmendra, wamkamate akiwa hai. Mwisho Thakur anapambana naye kwa miguu, viatu vyake vimepigwa misumari. Mpaka hapo wazee wako pamoja. Baada ya hapo, vita. Mzee Bandari anaapa polisi walifika, Gabbar akachukuliwa hai. Mzee Maskati anaapa kwa macho yake mawili alimwona Thakur akimuua. Huyu anamwita yule mwongo, yule anamwita huyu mzee aliyesinzia ukumbini.

Mimi kwa ujinga wangu nikasema: njooni kwangu Alhamisi tuiangalie, tumalize.

Wakaja. Mkeka mmoja, huyu pembe hii, yule pembe ile, Nahodha katikati kama kisiwa. Fundi akaanza na mlango wangu mwenyewe. Picha ina muda wa saa tatu na ushei, jamani. Dharmendra alipanda juu ya tangi la maji kutishia kujiua kwa ajili ya Basanti, Nahodha akauliza maji ya tangi yanatoka wapi. Mimi Dhanno alipokimbizwa na majambazi nilinyamaza kimya, mama watoto alikuwa akinitazama. Tukafika. Gabbar chini, Thakur kainua mguu, misumari inameta, wazee wote wawili wamepiga magoti mbele ya kioo...

Stima zikazimika. Amu nzima giza.

Tukasubiri. Zikasubiri nazo. Gizani kijana wa flashi akawasha simu yake, akasoma, akasema, "Wazee, nyote mko sawa." Mwanzo walipiga Thakur akimuua Gabbar. Bodi ya ukaguzi ya India ikakataa, askari mstaafu hawezi kujichukulia sheria mkononi, wakalazimika kupiga mwisho mwingine polisi wakifika. Huo ndio ulioonyeshwa sinema. Ule wa kwanza ukaja kuzagaa kwenye kaseti.

Nilidhani watakumbatiana. Kimya. Nadhani kila mmoja angependelea kukosea yeye kuliko yule mwingine naye awe kapata. Mzee Bandari akasema, "Basi mimi nakwenda." Mzee Maskati akasema, "Mimi nilikuwa nishaondoka." Wakapapasa viatu mlangoni gizani, kila mmoja akishindana kutoka kwanza.

Asubuhi naitwa. Makubadhi yao fundi mmoja, ngozi moja, rangi moja. Mzee Bandari kaondoka na kubadhi lake la kulia na la kulia la mwenzake. Mzee Maskati kabaki na mawili ya kushoto. Kurudishiana hawataki: huyu anasema aanze yule, na yule anasema hawezi kumpelekea kiatu mtu aliyemwita mwongo.

Leo siku ya tatu. Mzee Maskati anakwenda msikitini kwa ndara za mkewe. Jana nimelitia kubadhi moja ndani ya shogi la Dhanno, juu ya mchanga, nikalipeleka Mkomani kwa mwenyewe, nikarudishwa nalo mlangoni: kwanza niseme nani kanituma. Nimetoza shilingi 100 ya kwenda. Ya kurudi kila mmoja anasema alipe mwenzake.