Maktaba za Java kwenye RISC-V: zipimwe zote, au zile zenye hatari tu?

Debian, mfumo wa uendeshaji wa Linux, iliipokea riscv64 (prosesa za biti 64 za RISC-V, usanifu huria wa prosesa) kuwa usanifu rasmi Julai 2023, na toleo la kwanza kuibeba, Debian 13, lilitoka Agosti 2025. Maktaba nyingi za Java ziliingia kwenye toleo hilo bila kuguswa na prosesa ya RISC-V hata mara moja. Vifurushi vyake huandikwa Architecture: all, maana yake JAR (faili la kubebea programu za Java) hujengwa mara moja tu, kwa kawaida kwenye mashine ya amd64 (x86 ya biti 64), kisha faili lilelile husambazwa kwa kila prosesa. Watunza vifurushi hawajakubaliana kama hali hiyo inatosha.

Wanaosema inatosha wana hoja nzito. Baitikodi, msimbo wa kati unaotokana na Java, haijui prosesa. Anayeijua ni mashine pepe ya Java, nayo imeshafanyiwa kazi: OpenJDK 19 ya mwaka 2022 iliingiza HotSpot (mashine pepe ya OpenJDK) ya Linux/RISC-V kupitia pendekezo la JEP 422, ikiwa na kompaila zote mbili, C1 ya haraka na C2 inayoboresha msimbo zaidi. Kabla ya hapo watu walitegemea Zero, ambayo hufasiri baitikodi bila kuigeuza kuwa msimbo wa mashine, na ni ya polepole mno. Kupima maktaba moja moja, wanasema, ni kuipima JDK (Java yenyewe na zana zake) upya kwa njia ya mzunguko. Bodi zenyewe ni dhaifu: VisionFive 2 ina viini vinne vya U74 vya 1.5 GHz na kumbukumbu isiyozidi GB 8.

Hoja yao kali zaidi hutajwa mara chache. Jaribio la kawaida huita mbinu (method) mara moja au mbili. HotSpot huanza kufikiria C1 mbinu ikishaitwa takriban mara 200, na C2 ikifika takriban 5,000. Kwa hiyo majaribio mengi ya maktaba hupita kwenye intapreta peke yake, wakati hitilafu za usanifu mpya hupenda kujificha ndani ya C2. Majaribio yanaweza kufaulu yote, na kompaila ikabaki haijaguswa. Anayetaka kuigusa aongeze -Xcomp, chaguo linalolazimisha mbinu kukompailiwa tangu mwanzo, avumilie mwendo wake, na akumbuke kwamba msimbo unaotoka hapo si uleule wa programu iliyokwisha kupata moto.

Hata hivyo, hoja hizo zote zinasimama juu ya dhana kwamba JAR ni baitikodi tupu, na kwa maktaba zinazobeba mzigo mkubwa dhana hiyo mara nyingi si kweli. Snappy-java na zstd-jni za kubana data, JNA ya kuita msimbo wa C, na Netty ya mtandao zote zina sehemu iliyoandikwa kwa C au C++. Matoleo ya Maven Central, hazina ya mtandaoni ya maktaba za Java, kwa kawaida huficha faili za .so (msimbo wa mashine) ndani ya JAR, mara nyingi folda moja kwa kila usanifu. Folda ya riscv64 isipokuwepo, kifurushi kinasakinishwa vizuri, programu inawaka, kisha inaweza kuanguka kwa kosa kama UnsatisfiedLinkError siku data ya kwanza inapobanwa. Kuzikagua JAR ni kazi ya dakika chache:

for j in /usr/share/java/*.jar; do unzip -l "$j" | grep -qE '\.(so|jnilib|dll)$' && echo "$j"; done

Debian huhamishia sehemu hizo kwenye kifurushi cha pili chenye jina la kuishia na -jni, kinachojengwa kwa kila usanifu na kuweka faili zake /usr/lib/jni au kwenye folda ya jni ya usanifu husika ndani ya /usr/lib. Hapo huzuka tatizo jingine. Kifurushi cha -java kikisasishwa kinapatikana kote mara moja, ilhali -jni ya riscv64 inasubiri foleni ya kujengwa. Utegemezi usipofunga matoleo, mtumiaji hubaki na Java mpya juu ya C ya zamani. Huu ni uzembe wa upakiaji, na unazuilika kwa mstari mmoja kwenye debian/control, faili linalotaja utegemezi wa kifurushi.

Msimbo wa C wenyewe una mtego wake: aina ya char kwenye RISC-V haina alama hasi, kama ilivyo kwenye ARM, lakini kwenye x86 inayo. Ulinganisho wa char na -1 unaofanya kazi kwenye amd64 hautakuwa kweli kamwe kwenye riscv64.

Hata Java tupu si salama kabisa. Baadhi ya maktaba husoma os.arch, jina la prosesa linalotolewa na Java, na kuilinganisha na orodha ya majina. Zikikutana na "riscv64" hurudi kimyakimya kwenye njia ya polepole. Nyingine hutumia Unsafe, darasa la ndani la JDK linalogusa kumbukumbu moja kwa moja, kusoma long (namba ya baiti 8) kutoka anwani isiyolingana, yaani isiyogawanyika kwa 8. U74 haina uwezo huo ndani yake, hivyo kila usomaji hukatizwa na kuigizwa na programu ya chini. Jibu linatoka sahihi, ila mwendo unaporomoka, na hakuna jaribio la sahihi-au-kosa litakalokuonyesha.

Kuna pia NaN, thamani ya "si namba". RISC-V hurudisha NaN moja ya kawaida, 0x7fc00000 kwa float, baada ya hesabu inayozaa NaN, ilhali x86 huhifadhi biti za NaN iliyoingia. Jaribio linalolinganisha matokeo ya floatToRawIntBits, biti ghafi za float, linaweza kufeli. Lugha ya Java inaruhusu yote mawili, hivyo cha kurekebisha ni jaribio.

Kuhusu nyuzi zinazoshindania kumbukumbu, naona hofu imezidi kidogo. Ni kweli RISC-V inaruhusu kupanga upya usomaji na uandishi ambao x86 inauzuia, na volatile (neno la Java la kulinda mpangilio huo) iliyosahaulika itaonekana huku. Lakini arm64 nayo ni legevu, na miaka yake mingi kwenye seva imekwisha kufichua makosa mengi ya aina hiyo.

QEMU, programu inayoiga prosesa nyingine, haitoshi. Ikiendeshwa juu ya seva ya x86, hurithi sehemu kubwa ya mpangilio mkali wa kumbukumbu wa seva hiyo, na makosa ya nyuzi hayajitokezi. Haionyeshi pia gharama ya anwani zisizolingana. Itumike kujenga na kuchuja, uamuzi utoke kwenye bodi.

Msimamo wangu: kupima zote kila zinapopakiwa ni kupoteza bodi chache zilizopo. Maktaba zenye JNI (daraja la Java na msimbo wa C), Unsafe au os.arch zipimwe kwenye bodi kila toleo. Amri ya jdeps --jdk-internals huonyesha wanaotumia Unsafe. Zilizobaki zipimwe kwa mkupuo JDK kuu inapobadilika. Kabla ya kusherehekea ujenzi uliofaulu, fungua debian/maven.properties: maven.test.skip=true ikiwemo, hakuna kilichopimwa, na autopkgtest, majaribio ya Debian juu ya kifurushi kilichokwisha kusakinishwa, ndiyo njia iliyobaki.

Jaribio likifeli, lirudie kwa -Xint (intapreta peke yake). Likipita, jaribu -XX:TieredStopAtLevel=1 (C1 bila C2): likipita tena, mtuhumiwa ni C2, na taarifa iende OpenJDK pamoja na faili la hs_err (ripoti ya kuanguka) kama mashine pepe ilianguka. Likifeli hata kwa -Xint, anza na maktaba yenyewe na sehemu yake ya C. Likifeli kwa kupitwa na muda tu, ongeza muda wa jaribio hilo peke yake. Nocheck (chaguo la kuruka majaribio) ya riscv64 nzima hufunika na makosa ya kweli.