Siku Moja Kabla ya Ulimwengu Kuanza

Nina malalamiko kuhusu ulimwengu, na sijui yapelekwe kwa nani. Tunaambiwa kwamba una umri wa miaka bilioni 13.8, jambo ambalo nimelipokea bila ubishi, lakini kila ninapouliza kulikuwa na nini siku moja kabla ya hapo, wataalamu hunitazama kwa huruma na kunieleza kwamba huenda siku hiyo haikuwapo, kwa kuwa wakati wenyewe ulikuwa haujaanza. Mimi nikimjibu hivyo msimamizi wangu asubuhi ninapochelewa kazini, nitaandikiwa barua ya onyo kabla sijaketi. Hayati Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza, alilifananisha swali langu na la mtu anayeuliza kuna nini kusini mwa Ncha ya Kusini. Ni jibu la kiungwana, ila ukishajibiwa hivyo unabaki na swali lako vilevile, na juu yake umeonekana mjinga.

Waliosema kwamba ulimwengu haukuanza kamwe, akiwamo Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, angalau walitupunguzia maswali. Kisha akaja Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, akawaharibia starehe. Aliuliza hivi: ikiwa jua huzunguka mara 30 kwa kila mzunguko mmoja wa sayari ya Zohali, na vyote viwili vimekuwa vikizunguka tangu azali, inakuwaje mizunguko ya vyote iwe haina idadi, ilhali kimoja kinamzidi mwenzake mara 30? Hoja hiyo niliielewa bila mwalimu, kwa sababu matumizi ya nyumbani kwangu huzunguka kila siku na mshahara huzunguka mara moja kwa mwezi, na hakuna mwanahisabati atakayenishawishi kwamba viwili hivyo hulingana, hata tukiviacha vizunguke milele.

Mwaka 1931 Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji aliyekuwa pia mwanafizikia, alipendekeza kwamba kila kitu kilitokana na atomu moja ya awali. Fred Hoyle, mwanaastronomia wa Uingereza, hakupendezwa na fikra za aina hiyo, akaziita redioni mwaka 1949 Mlipuko Mkuu, na mpaka leo wanafunzi hulikariri jina lililotungwa na mpinzani.

Njiwa nao waliingia katika ugomvi huo. Mwaka 1964, huko New Jersey, Marekani, wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson walisumbuliwa na mvumo katika antena yao kubwa, mvumo usiobadilika mchana wala usiku, popote walipoielekeza. Wakawashuku njiwa waliojenga kiota ndani yake; wakawaondoa, wakasugua kinyesi chote, na mvumo ukabaki palepale. Kumbe ulikuwa masalia ya joto la tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, ambalo sasa limepoa hadi nyuzi 270 hivi chini ya sifuri, na mwaka 1978 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Mimi nimesugua vinyesi vingi vya ndege maishani, na sijawahi kuambulia hata asante.

Hata hivyo, joto hilo linatuonyesha tu kwamba zamani ulimwengu ulikuwa wa moto na uliosongamana. Ukizidi kurudi nyuma, hesabu za Einstein hugoma, na wakubwa wenyewe hawajaafikiana kama huo ulikuwa mwanzo wa kila kitu au mwendelezo wa kitu kilichotangulia. Hesabu zao zikigoma huitwa fumbo; zangu zikigoma huitwa uzembe.

Kuhusu mwisho, ndio kwanza wananichosha. Mwaka 1998 ilibainika kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, na hali ikiendelea hivyo, nyota zote zitazimika baada ya matrilioni ya miaka, kisha giza na baridi vitaendelea bila ukomo. Yaani wakati upo bwerere, ila sehemu yake kubwa haitakuwa na mtu wa kuutumia. Nilimsimulia mke wangu habari hiyo nikitaraji tushangae pamoja. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akataka kujua, katika muda wote huo, nimepanga kulitengeneza lini bomba la jikoni.