Okestra isiyobembeleza: kuisikiliza upya The Lexicon of Love

Albamu ya The Lexicon of Love, ambayo bendi ya ABC ya Sheffield, Uingereza, iliitoa katikati ya mwaka 1982, husifiwa mno kwa anasa yake: fidla tele, mashairi ya mapenzi yaliyotiwa nakshi, na suti ya rangi ya dhahabu ya mwimbaji Martin Fry. Nimeirudia kwa hedifoni nyimbo zote 10, na kwa maoni yangu sifa hizo zinaitendea isivyo haki, kwa kuwa kinachoifanya iendelee kusikilizika hadi leo si anasa bali ukavu wake.

Ukavu huo huanzia chini kabisa. Katika Poison Arrow, mtayarishaji Trevor Horn aliupanga kwanza mdundo kwa mashine, kisha mpiga ngoma David Palmer akapiga juu yake, kila pigo likikaa mahali pake bila kuyumba. Okestra inapoingia hupita juu ya sakafu ngumu, na ndiyo maana haigeuki sharubati. Katikati ya wimbo huo muziki unapungua, mwanamume anaongea badala ya kuimba, analalamika kwamba hapendwi. Mwanamke anamjibu kwa sentensi moja, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuamua, na mara ngoma zinalipuka. Hakuna fidla hata moja inayojitokeza kumpa pole.

Aliyepanga ala za nyuzi ni Anne Dudley, na kwangu mimi yeye ndiye mwandishi wa pili wa albamu hii. Msikilizaji aliyezoea taarabu ya Unguja, ambako fidla huupokea wimbo kinywani mwa mwimbaji na kuurudia kana kwamba zinamkubalia kila neno, atashangaa kukuta hapa nyuzi zenye maoni yake. Fry anapojigamba, zenyewe zinahuzunika. Anapojihurumia, zinamkatiza kwa vipigo vifupi. Kilele chake ni All of My Heart: mwimbaji anamaliza maneno yake, ananyamaza, na okestra inaendelea peke yake kwa muda mrefu kuliko wimbo wa kawaida wa redio ungevumilia, ikisema yale ambayo yeye, kwa kiburi chake chote cha maneno, hakuweza kuyasema.

Hata jalada linakiri kwamba haya ni maigizo. Mbele, Fry ameshika bastola huku mwanamke amemlegea mkononi. Ukiligeuza, unaona upande wa pili wa jukwaa, wanabendi wenzake wakiwa wamevaa kama wafanyakazi wa ukumbi. Sioni kejeli tupu hapo. Hawa walikuwa vijana kutoka mji wa chuma cha pua, katika mwaka ambao wasio na ajira nchini Uingereza walivuka milioni 3, na kujipamba kwao kulikuwa na ukaidi ndani yake.

Si kila wimbo umezeeka vizuri. Tears Are Not Enough, ingawa ulirekodiwa upya baada ya kutoka kwanza mwaka 1981, bado unasikika kama wa bendi nyingine, na 4 Ever 2 Gether una kelele nyingi kuliko wazo. Date Stamp, kwa upande wake, umenipendeza zaidi safari hii: mapenzi yanazungumzwa kwa lugha ya bidhaa na tarehe za mwisho wa matumizi, tena kwa mdundo mwepesi unaokuchezesha kabla hujang'amua unachochekelea.

Mwaka uliofuata ABC walitoa Beauty Stab, gitaa zikachukua nafasi ya okestra, na mashabiki wengi wakawakimbia. Mwaka 2016 Fry alitoa The Lexicon of Love II pamoja na Dudley. Nyuzi ni nzuri, tena pengine ni nzuri kupita za mwanzo, lakini zinamkubalia kila anachosema.