Plastiki ikishageuka manjano, uiblichi au uiwate?

Juzi jirani yangu hapa Langoni, Lamu, fundi simu, alinikuta juu ya paa nimeanika kasha la Game Boy, ile mashini ya gemu ya mkononi, ya kwanza ya 1989, nimelizungushia nailoni kama samaki wa kupelekwa Mombasa. Akacheka weee. Yakhe, waipeleka saluni? Na kweli dawa yenyewe ni ya saluni, krimu ya peroksaidi ya kublichi nywele, chupa imeandikwa 40, ile namba ya nguvu yake, yaani peroksaidi asilimia 12. Kiwandani ilitoka kijivu, yangu ilishafika rangi ya chai ya maziwa.

Yeye asema iwate. Milango ya zamani hapa mjini twaipenda na weusi wake, hakuna aikwanguae, sasa plastiki ina kosa gani kuzeeka? Hoja nzuri lakini mi naona hazifanani, mlango uchakaa kwa mikono ya watu, hii plastiki ya ABS, ile ngumu ya makasha ya mashini, yageuka kwa sababu ya jua, joto na hewa, na lawama nyingi huangukia bromini iliotiwa ndani ili isishike moto upesi. Ndo maana waweza kuona mashini moja, kipande cha juu manjano cha chini kizima, kumbe mchanganyiko haukuwa mmoja. Hata iliofungiwa sandukuni yaweza kugeuka.

Ila kuna kitu fundi amenishika nacho. Manjano hurudi. Peroksaidi haitoi bromini, yaondoa rangi tu, kwa hivo baada ya muda unaweza kujikuta pale pale, na kuna watu wanalalamika plastiki yao imekuwa kavu ikavunjika, ingawa plastiki ya miaka thelathini ilishachoka yenyewe kwa hivo sijui ulaumu dawa au umri. Kupaka rangi ya kopo ndo sitaki kusikia kabisa, inaziba ule ukwaru wa plastiki na siku ikibanduka ni kama ukoma.

Na jua letu hili si mchezo. Nilipaka saa nne nikashuka kunywa kahawa, niliporudi upepo wa kaskazi umeinua nailoni pembeni na krimu imekauka, pale ilipokauka pamebaki mistari myeupe kama marumaru na haitoki. Ilitakiwa niwe nageuza na kupaka upya kila mara. Pia fungua kila kitu kwanza, bodi, springi, skrubu, maana peroksaidi na chuma hazipatani, na vaa glavu, mi kidole kilikuwa cheupe kikiwasha mpaka magharibi.

Kwa hivo nimekata shauri hivi: kitu cha kutumia kila siku ambacho rangi yake yaniudhi, nakiblichi. Cha kuweka kabatini naosha kwa sabuni na mswaki basi, mara nyingi nusu ya hayo "manjano" ni uchafu na moshi wa sigara. Na ukiuza mwambie mnunuzi ulikiblichi, asije akadhani kimekaa miaka yote hio hakijaguswa, mwakani kikigeuka atakutafuta.

Game Boy yangu siuzi. Fundi akipita huitazama ile mistari, auliza kama saluni walinirudishia pesa.