Mwanachama wa Heshima

Barua ilinikuta nakula wali kwa kisamvu. Ilipitia sanduku la posta la marehemu babu, ambalo wajukuu tumelirithi pamoja na ufunguo wake wenye kutu. "Mheshimiwa Malenga," ilianza, nami nikaenda kunawa mikono kwanza. Chama kimoja cha washairi huko Dar es Salaam (jina nalihifadhi, bado nakiogopa) kilikuwa kimeniteua kuwa mwanachama wa heshima.

Mimi? Naam, niliwahi kutoa shairi gazetini. Moja. Beti sita, mhariri akakata mbili.

Mke wangu aliuliza jambo moja tu: "Wanataka shilingi ngapi?" Nikamcheka. Nikamweleza habari za Benjamin Franklin, yule Mmarekani wa mambo ya radi, kwamba mwaka 1756 Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, ilimchagua kuwa mwanachama bila yeye kuomba, tena ikamsamehe ada ambayo ingefika gini 25. "Heshima hailipiwi, mama watoto." Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele.

Nikashona kanzu mpya, kofia ya vito nikaazima. Mama mkwe, ambaye tangu harusi aliniita "huyo bwana", safari hii akaniita mwanangu na kudai kiti cha dirishani. Tukapanda basi la alfajiri kutoka Tanga, watu watatu, nauli zote zangu.

Ukumbini wamejaa wazee watupu. Katibu akasimama kusoma wasifu: "Mzaliwa wa 1931..." Nikadhani kakosea tarakimu. "Alianza kutunga kabla ya Uhuru, amejibizana na malenga wa bara na pwani..." Hapo jasho likanianza. Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake. Baba alipewa la babu yake, mimi nikapewa la babu yangu. Basi majina yetu matatu, mimi na marehemu, ni yale yale, hata herufi haipungui. Babu alifariki 2012. Hawakuwa na habari.

Ningesema ukweli palepale, lakini mama mkwe alishaanza kupiga makofi, peke yake.

"Karibu, mzee wetu," akasema katibu. Akaniona. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mashaallah, umehifadhika."

Nikaombwa ubeti wa shukrani. Nikafumba macho:

Naja kwenu waungwana, kupokea yangu hadhi,
Shukrani nyingi sana, nanyi mniwie radhi.

Mshororo wa tatu sikuufikia. Mzee mmoja wa safu ya mbele alikuwa akihesabu silabi kwa vidole, na kidole kimoja kikambakia hewani. "Kumi na tano!" akanguruma. "Mizani imepelea! Ni shukurani, kijana, shu-ku-ra-ni! Mwenye barua hii namjua, tumegombana gazetini miaka ishirini, hajavunja mizani hata siku moja. Wewe nani?"

"Mjukuu wake."

Ukumbi ukanyamaza. Mzee akanijia, akauliza babu kafa lini, akafuta machozi kwa ncha ya kanzu. Kisha akaninong'oneza: je, marehemu aliwahi kukiri kwamba lile jibu la mwisho lilimshinda? Nikasema alikiri. Mungu anisamehe.

Wakaamua cheti nikipokee mimi kwa niaba ya familia. Nikajua yamekwisha. Kumbe mhazini ananisubiri mlangoni na daftari: babu hakulipa ada tangu 1994.

"Si mmeshamfanya wa heshima?" nikauliza.

"Wa heshima halipi," akasema, akilamba kidole kufunua ukurasa. "Kuanzia leo."

Nauli ya kurudi alitoa mama mkwe. Cheti nimekitundika sebuleni. Jina lililoandikwa ni langu, sijamdanganya mtu. Mama mkwe akija huketi mkabala nacho, hunitazama kidogo, kisha huanza kuhesabu vidole.