Njooni Januari, Msisubiri Mei

Kuna mtu kanitumia video ya kampuni moja kubwa ya vinywaji. Droni inapita juu ya migomba, gitaa linalia taratibu, halafu anatokea mzee wa umri wa baba yangu, kavalishwa fulana mpya yenye nembo, anatandaza majani ya mgomba chini ya mbuni wa kahawa. Maandishi yanasema amefundishwa kilimo rejeshi, yaani kilimo cha kurudisha uhai wa udongo.

Amefundishwa! Mhaya, kwenye kibanja chake, shamba lake la migomba na kahawa, amefundishwa kutandaza. Bado semina ya kumenya ndizi.

Sisi tuliokulia Kagera tunajua kibanja kilivyotengenezwa. Samadi ya ng'ombe, nyasi zilizokatwa rweya, uwanda wa nyasi nje ya vibanja, na kubebwa kichwani, maganda ya ndizi, majivu, kila kilichotoka jikoni kilirudi shambani, kizazi baada ya kizazi. Toka hatua chache nje ya kibanja uingie rweya, upige jembe: udongo hafifu, mihogo yenyewe inaota shingo upande. Rudi ndani, jembe linazama mpaka mpini. Mvua ni ileile na kilima ni kilekile. Rutuba ile ni jasho la watu, na iliwekwa pale kabla ya kampuni yoyote kuwa na idara ya uendelevu.

Ndiyo, najua, vibanja vingi leo vimechoka. Sitabisha. Lakini tuulizane vimechoka kwa nini. Ng'ombe wamepungua, na kaya nyingi hazina hata mmoja. Rweya tuliyokuwa tukikata nyasi imegawanywa na kupandwa mikaratusi na misonobari. Mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani mwaka 2006 ulifyeka migomba ya watu. Na kwa miaka mingi kahawa iliuzwa kwa bei ambayo mtu hakuona sababu ya kuinunulia hata debe la samadi. Hakuna lolote kati ya hayo lililosababishwa na wazee kusahau kutandaza majani.

Kinachokosekana kule ni fedha, na hasa fedha ya Januari.

Msimu wa kahawa kwetu unaanza kama Mei. Januari hadi Aprili ndiyo miezi ya kubana mkanda: watoto wanarudi shule na, ada ifutwe isifutwe, kuna sare, madaftari, michango isiyoisha, kuna mgonjwa, kuna msiba. Hapo ndipo anapokuja mtu wa butura, mnunuzi wa kahawa ambayo haijavunwa. Anazunguka kibanjani taratibu kama mkaguzi, anatazama kahawa ikiwa bado kijani, wakati mwingine bado maua, anakadiria magunia, anatoa noti mfukoni. Bei ni ya kutupa na wote wawili wanajua. Serikali inapiga marufuku butura kila mwaka, viongozi wanafoka kwenye mikutano, na butura ipo, kwa sababu mwenye njaa ya Februari hawezi kula hotuba.

Sasa mpe huyo aliyekwisha kuuza maua yake mafunzo ya kilimo rejeshi. Mwambie akate mibuni ya zamani ichipue upya, maana kweli ikikatwa vizuri inarudi na nguvu. Lakini mbuni ukishakatwa unakaa kama misimu miwili bila kukupa cha maana. Mwambie apande miti ya kivuli, achimbe mashimo, anunue samadi kwa jirani mwenye ng'ombe. Yote mazuri. Nani analipia misimu hiyo miwili? Kwenye video sikuona.

Nilimpigia simu baba mdogo, anayelima kahawa upande wa Muleba, nikamsimulia. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu," akasema, "hao waambie waje Januari. Mei kila mtu ni rafiki yangu."

Ningekuwa na uwezo ningebandika maneno hayo kwenye ukuta wa kila ofisi ya manunuzi kuanzia Uswisi hadi Marekani. Maana hoja yangu ni hiyo tu: kampuni inayotaka mnyororo wa ugavi unaorudisha uhai wa udongo lazima kwanza ibadilishe inavyonunua. Udongo unajibu baada ya miaka mitatu, minne, mitano. Ununuzi wa kahawa unakwenda msimu kwa msimu, kontena kwa kontena, na bei inayoamuliwa na soko la London. Mwaka 2024 robusta, aina ya kahawa tunayolima sisi, ilivuka dola 5,000 kwa tani pale London, rekodi. Watu wakafurahi, na ni haki yao. Lakini tunakumbuka pia mwanzoni mwa miaka ya 2000, bei ilipoporomoka mpaka watu wakang'oa mibuni. Mkulima anayejua kuwa mwakani anaweza kukutana na bei ya aina ile hawezi kukata mibuni yake leo eti kwa sababu ya ahadi ya 2030.

Na ahadi zipo. Mwaka 2021 Nestlé walitangaza faranga za Uswisi bilioni 1.2 kwa kilimo rejeshi, wakaweka lengo la asilimia 20 ya malighafi zao kuu ifikapo 2025 na asilimia 50 ifikapo 2030. PepsiCo nao mwaka huohuo wakazungumzia ekari milioni 7. Sisemi ni uongo. Ninachosema ni kwamba asilimia na ekari zinahesabu shamba, hazihesabu mkataba. Katika kampuni hizi za bidhaa za dukani kuna ofisi mbili: ya uendelevu, inayotengeneza video, na ya manunuzi, ambayo mabosi wake wanapimwa kwa kushusha gharama. Ofisi ya kwanza inamwambia mkulima wekeza. Ya pili inamwambia tutaonana sokoni. Wengine bado wanawalipa wanaowauzia baada ya siku 90, hata 120. Yaani mnyonge huku chini ndiye anayeikopesha kampuni kubwa, halafu yeye akakope kwa mtu wa butura.

Miche bora? Nakubali, kwa shingo upande. Ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ulivyoua robusta yetu, miche yenye ukinzani kutoka kituo cha Maruku cha TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, ni msaada wa kweli, na kampuni ikigharamia vitalu sitasusa. Vyeti vya kila rangi, sina muda navyo leo. Vyama vya msingi navyo vina wezi wake. Hiyo ni makala nyingine.

Halafu kuna hii sheria ya Ulaya ya ukataji miti, inayotaka kila shamba lijulikane mahali lilipo. Vijana wanapita na simu wakichukua alama za vibanja. Sawa. Kwa hiyo kitaalamu mnaweza kumfikia mkulima mpaka mlangoni kwake, mkajua na jirani yake ni nani. Basi teknolojia hiyohiyo ipeleke malipo ya awali Januari, kupitia AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, au moja kwa moja kwenye simu yake, yakatwe wakati wa mavuno bila riba ya kinyonyaji. Mkataba uwe wa misimu mitano, wenye bei ya chini kabisa isiyoshushwa hata London ikianguka. Na anayekata mibuni yake alipwe fidia ya misimu anayosubiri. Mtasema ni ghali, na ni kweli. Lakini mmetangaza bilioni. Sehemu yake iende kwenye bei.

Ripoti ya 2030 ikitoka, nitaruka picha za droni nitafute safu moja: wakulima wangapi walikuwa na mkataba unaozidi msimu mmoja, na kwa bei gani. Hata mkiificha ukurasa wa mia mbili, nitaifikia.